Jicho la Baba Mkwe na Katuni Iliyoimba

Baba mkwe wangu alikubali kupasuliwa jicho siku ya Jumamosi, saa kumi alasiri, sebuleni kwetu Kanamkemer, na alikubali kwa kuimba. Hakusema ndiyo. Aliinua mikono miwili juu ya kichwa, mmoja umenyooka, wa kushoto umepinda kuja mbele, akaimba kwa dakika tatu au nne, na ndani ya wimbo huo mlikuwa na jibu nililolingojea siku kumi na moja. Runinga ilikuwa bado inawaka. Majina ya watu waliochora katuni yalikuwa yamebaki kwenye kioo, na hakuna aliyeyasoma.

Mimi ni karani katika ofisi ya habari ya serikali mjini Lodwar. Kazi yangu ni kuandika ripoti: nani, wapi, lini, kwa nini. Jambo hili nimejaribu kuliandika kwa utaratibu ule ule. Linanishinda kwenye "kwa nini", kwa hiyo naanza na mengine.

Mwaka ulikuwa 2012. Mume wangu alikuwa mtunza stoo huko Kakuma, kwenye shirika mojawapo la wakimbizi, na alikuja nyumbani kila baada ya wiki mbili. Mimi nilibaki Kanamkemer, mtaa wa Lodwar, na binti zetu wawili, wa miaka tisa na wa miaka mitano. Mwezi wa Agosti mume wangu alimleta baba yake kutoka kijijini Nakalale, kwa sababu habari zilikuwa zimetufikia kwamba mzee amekanyaga moto mara mbili. Jicho lake la kushoto lilikuwa limekwisha zamani, kovu tupu. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, jeupe kama maziwa yaliyomwagwa kwenye bakuli la kijivu. Muuguzi wa macho pale Lodwar alilimulika kwa tochi, akasema hili linaweza kupasuliwa. Madaktari wa macho wangefika katika hospitali ya Kakuma kwa wiki moja tu. Orodha ya wagonjwa ingefungwa Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo, alisema, ni kungoja mwaka mwingine, na jicho lenyewe huenda lisingoje.

Mzee alikataa. Alikataa kwa upole, kama mtu anayekataa kuongezwa chai.

"Mimi naona ya kutosha," alimwambia mwanawe kwenye simu, ambayo binti yetu mkubwa alimshikia sikioni. "Wacha hii jicho ipumzike."

Mume wangu akaomba azungumze na mimi. "Wewe uko naye kila siku. Mwambie."

"Nimwambieje?"

"Mwambie tu."

Hakujua anachoniomba, au alijua na akaona hana njia. Mimi ni mtu wa Bungoma. Kwetu, mke hampi baba mkwe mkono, hakai naye kiti kimoja, wala habishani naye. Hata kumtazama usoni ni jambo la kupimwa. Nilikuwa nimesoma, nimeajiriwa, nimeolewa mbali na kwetu, lakini hayo niliyabeba pamoja na sanduku langu la nguo. Na mzee naye alikuwa na heshima zake. Niliposimama mlangoni aligeuza uso pembeni, kipofu namna ile, ili asinielekee. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na mzee asiyeona na mkaza mwana asiyeweza kumshika mkono. Binti mkubwa ndiye aliyemwongoza, kwa kushika ncha ya fimbo yake. Mimi nilitangaza kutoka mlangoni: "Mzee, chai iko kulia kwako. Ni moto." Naye alijibu, "Ejok, mama ya watoto," yaani ni vyema. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu kwa siku nzima.

Sababu ya kukataa kwake niliipata kwa binti yangu, maana yeye na babu walikaa pamoja kivulini na kuongea Kiturkana na Kiswahili kwa pamoja.

"Mama, Babu anasema akifungua macho ataona boma bila ng'ombe yake."

"Ng'ombe gani?"

"Ile yake. Ilikufa wakati wa njaa. Anasema aliiona ikianguka, na hiyo ndiyo kitu ya mwisho aliona vizuri."

Nilikuwa nimekaa Turkana miaka kumi na nilijua kidogo juu ya jambo hili, kama anavyojua mtu anayeandika ripoti. Mwanamume ana maksai wake mmoja anayempenda kuliko wote. Humtengeneza pembe tangu angali ndama, moja ikaelekea huku na nyingine kule, na humtungia wimbo. Wimbo ni wa mwenye maksai. Wenzake huitikia, lakini mwenyewe ndiye anayeuanzisha. Maksai wa mzee alikufa katika ukame wa mwaka uliotangulia, na tangu siku hiyo, mume wangu aliniambia, baba yake hakuimba tena. Hata kwenye harusi alikaa tu.

Sasa nije kwenye katuni.

Nilikuwa nimenunua diski moja mjini, karibu na stendi, ya zile zinazobanwa vipindi ishirini pamoja. Ilikuwa katuni ya mashujaa watano wanaolinda mji: mwanamke anayeruka, mapacha wa umeme, bibi anayegeuka maji, na jitu moja kubwa la mawe. Vumbi la Lodwar halina adabu na diski. Baada ya mwezi mmoja vipindi vingi vilikuwa vinakwama. Kilichocheza kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusita kilikuwa kimoja, nacho ndicho kipindi cha nyimbo. Mhunzi mwovu anagonga kengele, na kila mtu mjini anapoteza sauti ya kawaida. Anayetaka kusema jambo lolote, hata kuomba chumvi, lazima aimbe. Polisi wanaimba, wezi wanaimba, mashujaa wanapeana amri kwa kuimba. Wenye aibu wananyamaza. Mwenye aibu kuliko wote ni yule wa mawe, kwa sababu sauti yake ni mbaya. Na yeye peke yake ndiye aliyeona kengele ilipofichwa.

Binti zangu walikijua kipindi hiki kwa moyo. Umeme ulipokuwepo Jumamosi, walikiweka. Mzee alikaa nyuma yao juu ya kigoda chake cha mti, kile cha kukalia mchana na kulalia kichwa usiku, akasikiliza.

Mara ya kwanza aliuliza, "Hiyo ni kanisa?"

"Si kanisa, Babu. Ni katuni."

"Na mbona nyinyi nanyamaza kama kanisa?"

Mara ya pili alitaka aelezwe. Kiingereza cha katuni kilikuwa kinapita haraka, na binti yangu mkubwa alikuwa anatafsiri huku anakula mandazi.

"Sasa huyu dada ya kuruka anaimba anauliza adui yuko wapi. Sasa mapacha wanaimba hawajui. Sasa yule wa mawe amesimama tu."

"Yeye haimbi?"

"Haimbi. Ana aibu. Sauti yake iko kama gari ya mchanga."

"Hapana," alisema mzee. "Si aibu. Huyo ng'ombe yake imekufa."

Yule mdogo aligeuka. "Babu! Superhero hana ng'ombe!"

"Kila mtu mukubwa iko na ng'ombe. Wewe uliza huyo mtu ya sinema."

"Hawezi kusikia, Babu, yuko kwa TV."

"Basi ngoja," alisema mzee. "Tutaona."

Nilikuwa jikoni nikichambua mboga. Niliacha kisu, nikasogea karibu na pazia. Ilikuwa mara ya kwanza, tangu aletwe, kumsikia akisema "tutaona" juu ya jambo lolote.

Jumamosi ya tatu ndiyo hiyo niliyoanza nayo. Saa sita mchana mume wangu alipiga simu. Alikuwa ameshika nafasi ya baba yake kwenye orodha, lakini mwenye orodha alitaka jibu kabla ya jioni, maana watu walikuwa wengi kutoka kambini na kutoka vijijini, na nafasi haiwezi kushikiliwa na jina lisilotaka kuja. "Jaribu mara moja ya mwisho," alisema. Nilimwambia nitajaribu. Nilipokata simu, sikujua hata nitaanzia mlango gani.

Umeme ulirudi saa tisa. Watoto waliweka diski yao. Mzee alisogeza kigoda karibu kuliko siku zote. Kipindi kikaenda mpaka mwisho: mji unaungua, yule wa mawe anafungua kinywa, anaimba vibaya sana, watu wanaipata kengele. Kisha binti yangu mkubwa akainuka, akachukua sufuria na mwiko kutoka kwangu jikoni, akagonga mara moja.

"Kengele imelia!" alitangaza. "Hapa kwetu hakuna kuongea tena. Ni kuimba tu. Mama, hata wewe."

"Mimi napika."

"Mama! Umeongea!"

Yule mdogo akaimba kwamba anataka maji. Dada yake akamwimbia aende akachote mwenyewe. Mdogo akaimba kwamba mtungi ni mzito, na machozi yakiwa karibu. Mzee alikuwa anacheka bila sauti, mabega yake yanatikisika. Akajigonga kifua kwa kidole na kutikisa kichwa. Walimwelewa mara moja.

"Babu ndiye wa mawe!" waliimba wote wawili. "Babu ndiye wa mawe, haongei!"

Nilikuwa nimesimama mlangoni na simu mkononi. Niliwaza jambo ambalo mpaka leo sijui kama lilikuwa ujanja au woga. Kwetu pia, harusini, wanawake huimba mambo ambayo kesho yake hakuna anayeweza kuyasema. Wanamwimbia hata bwana harusi kwamba ni mchoyo, na hakuna anayekasirika, kwa kuwa ulikuwa wimbo. Hapa kengele ilikuwa imegongwa. Nilikuwa siruhusiwi kubishana na baba mkwe, lakini hakuna aliyewahi kuniambia nisimwimbie.

Nilihitaji sauti ya kuimbia, na haraka haraka ikanijia ile iliyokuwa karibu zaidi: wimbo wa kuwalaza watoto. Niliusikia kwa mume wangu mwaka tulipooana. Alikuwa anauimba akioga, akifua, akifunga kamba za viatu. Maneno yalikuwa ya Kiturkana na sikujua maana yake, lakini sauti ilishuka na kupanda vizuri, na mtoto wetu wa kwanza alipozaliwa niliupunguza mwendo nikamlaza nao. Miaka tisa niliwalaza nao, mmoja baada ya mwingine. Sasa nikaweka maneno yangu juu yake. Niliimba kwamba Jumatatu kuna madaktari Kakuma. Kwamba mwanao ameshika nafasi yako kwa mikono miwili. Kwamba hawa wawili unawajua kwa sauti, na mmoja ana mwanya kama wako, mzee wetu, na hujauona.

Mzee alikuwa ameacha kucheka. Uso wake, ambao daima aliugeuza pembeni kwa ajili yangu, ulikuwa umenielekea moja kwa moja. Nikajua nimekosa. Nikadhani kosa ni lile la kumwimbia.

"Hiyo wimbo," alisema, akiwa amevunja sheria ya mchezo, na watoto hawakuthubutu kumsuta. "Umetoa wapi?"

"Ni ya kutulaza, Babu," alisema binti mkubwa. "Mama hutuimbia tulale."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata huyu akiwa na homa."

Mzee akamuuliza binti mkubwa jambo kwa Kiturkana, taratibu, naye akamjibu, na akaimba mistari miwili kwa maneno ya asili, jinsi nilivyokuwa nikiyatamka mimi mgeni. Yule mdogo akaitikia. Aliitikia mahali pake hasa, bila kufundishwa na mtu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kuitikia akisinzia.

"Kumbe nalala hapa," alisema mzee. "Miaka tisa, ng'ombe yangu nalala hapa Lodwar, mimi sijui."

Ndipo nilipoelewa nimekuwa nikiwalaza watoto kwa wimbo wa maksai wa baba mkwe. Nilitamani sakafu ipasuke. Nilianza kuomba radhi, nikiwa nimepiga goti pale pale kwenye mlango, lakini aliinua kiganja.

"Mama ya watoto. Wewe namwendesha pole pole sana. Kama mugonjwa. Huyo hakuwa mugonjwa. Huyo alikuwa natembea mbele, vumbi nabaki nyuma."

Akasimama. Mikono ikapanda, wa kushoto ukapinda mbele kama pembe ya maksai, miguu ikagonga saruji, na wimbo wangu wa kulaza watoto ukatoka kinywani mwake ukiwa umeamka. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kutotumika. Ilikatika mara mbili na mara mbili akairudisha. Binti zangu walisimama mmoja huku na mmoja kule wakaitikia, na mimi kutoka mlangoni nikajikuta naitikia pia. Karibu na mwisho maneno yalibadilika. Hata mimi nilisikia kuna kitu kimeingizwa.

"Amesema nini hapo?" nilimnong'oneza binti yangu.

"Amemwambia ng'ombe wake kwamba Jumatatu wanaenda Kakuma."

Nilimpigia mume wangu. Kwanza nilimpa jibu, aandikishe jina. Kisha nikamuuliza wimbo aliokuwa akiuimba akioga ni wa nani.

"Ule? Wa maksai wa mzee. Kwani hukujua?"

"Ningejuaje? Kwa nini hukuniambia nilipowalaza watoto nao?"

"Nilidhani unajua," alisema. "Na pia ulikuwa unauimba vizuri."

Jumatatu alfajiri pikapu ya kazini kwa mume wangu ilitupitia. Katika hospitali ya Kakuma benchi la nje lilikuwa limejaa watu wenye kitambaa juu ya jicho moja, na lugha nne au tano zilikuwa zinapishana juu ya vichwa vyetu. Mama mmoja Mkongomani alimsogezea mzee nafasi. "Kuya ukae, papa." Mzee alipoitwa ndani, mimi nilibaki kwenye kizingiti. Baada ya dakika chache muuguzi alichungulia.

"Nani yuko na huyu mzee? Mwambieni atulize kichwa. Ameambiwa asiimbe, anasema hapana, ng'ombe hasimami katikati ya njia."

Mume wangu aliingia, wakaelewana. Mzee aliimba, lakini midomo tu.

Kesho yake bandeji ilifunguliwa. Nilisimama nyuma ya mlango, mahali pangu. Muuguzi aliinua mkono mbele ya jicho la kulia.

"Mzee, hivi ni vidole vingapi?"

"Vidole yako ni ngumu," alijibu. "Wewe nalima?"

Watu walicheka. Muuguzi aliuliza tena, naye akaleta mzaha mwingine. Daktari alieleza kwamba mtoto wa jicho ametoka vizuri, ila kioo cha jicho chenyewe kina makovu ya zamani, na kiasi atakachoona kitajulikana baada ya wiki kadhaa. Nilimwuliza daktari kutoka nyuma ya mlango kama kuna dawa ya kwenda nayo. Mzee akageuza uso kunielekea, kisha, taratibu, akaupeleka pembeni kwa heshima kama zamani.

Sikuweza kujua alichogeukia: mtu mlangoni, au sauti ya mtu.

Alikaa nasi wiki mbili. Binti zangu walimjaribu kwa kila njia. Walimwekea katuni wakamwuliza yule wa mawe ana rangi gani. "Rangi ya mawe," alisema. Mdogo akamfungulia kinywa karibu kabisa na uso ili auone mwanya. Akauona kwa kidole gumba, jinsi alivyokuwa akifanya siku zote, akasema, "Huyu ni wangu." Waliporudi chumbani kulala, aliuanzisha wimbo kutoka kwenye mkeka wake barazani, kwa mwendo wake mwenyewe, na walichelewa sana kulala. Kisha akapanda lori la kwenda kaskazini, akarudi Nakalale. Huko simu haishiki.

Sasa ni mwisho wa 2013. Tangu aondoke, mume wangu hajapata likizo ya kutosha kwenda huko, na tumeishi kwa habari za madereva. Mwezi uliopita mmoja wao, anayepeleka unga Lokitaung na kupitia Nakalale, alikuja ofisini kwetu kuulizia fomu, nami nikamfanyia mahojiano kama ya kazini. Alisema alimkuta mzee kisimani, bila fimbo, bila mtu wa kumwongoza.

"Alikuwa anaona?"

"Mama, sijui. Aliniambia tairi yangu ya nyuma imeisha upepo."

"Ilikuwa imeisha?"

"Imeisha kabisa. Ningefika mbele kidogo ningelala njiani."

"Kwa hiyo aliiona."

Dereva alikuna shingo. "Ama aliisikia. Yule mzee husikia hata chumvi ikiyeyuka."

Madaktari wa macho wanarudi Kakuma mwezi huu, na waliopasuliwa mwaka jana wanatakiwa kupimwa upya. Jina la baba mkwe liko kwenye orodha. Tumetuma ujumbe kwa madereva wawili, na wote wawili wamesema wameufikisha. Jibu bado halijaja.